SOMO LA USALAMA BAHARINI: KING'ORA CHA MTU ALIYEANGUKA MAJINI

Wananchi na watumishi wa Serikali wanazikumbuka ajali za MV Spice Islander I, tarehe 10 Septemba 2011, na MV Skagit, tarehe 18 Julai 2012. Hizo zilikuwa ajali za chombo kuzama pamoja na abiria wake. Somo la leo linahusu ajali isiyovuma: mtu mmoja kuanguka baharini huku chombo kikiendelea na safari. Chombo ni kizima, tanga limejaa upepo, na pengine hakuna aliyeona.

Muda ulio mikononi mwetu

Chombo cha tanga kinachokwenda maili 6 za baharini kwa saa hupita takriban mita 3 kila sekunde. Baada ya dakika moja aliyeanguka ameachwa nyuma mita 185. Baada ya dakika tano, zaidi ya mita 900. Kwa umbali huo kichwa cha mtu hupotea kabisa kati ya mawimbi. Uzoefu peke yake si kinga. Éric Tabarly, baharia mashuhuri wa Ufaransa, alianguka usiku kutoka katika chombo chake mwenyewe mwezi Juni 1998, akiwa hakuvaa jaketi la kujiokolea. Wenzake walimtafuta bila ya kumwona tena akiwa hai.

Aina za vifaa

Vifaa visivyotumia waya vimegawanyika katika mafungu matatu.

(a) Kifaa cha kulinda ukaribu. Kila baharia huvaa kitoa ishara kidogo kinachowasiliana wakati wote na kipokezi kilichomo chomboni. Mvaaji akizama au akiachwa mbali, ishara hukatika, kwa kuwa mawimbi hayo ya redio hayapenyi maji. King'ora hulia mara moja, na baadhi ya vifaa huandika mahali pa tukio au kuzima injini.

(b) Kifaa cha kuonesha mahali. Hiki hufungwa katika jaketi. Kikiwashwa majini hupata mahali kilipo kwa msaada wa setilaiti, kisha hutuma taarifa kwa vyombo vya karibu vyenye mtambo wa AIS. Namba yake huanza na tarakimu 972. Kwa kuwa antena yake iko juu kidogo tu ya maji, ishara hufika maili chache.

(c) Kifaa cha setilaiti cha masafa ya 406 MHz. Hiki hupeleka taarifa kwa vituo vya uokoaji kupitia mtandao wa kimataifa wa Cospas-Sarsat. Ni lazima kisajiliwe ili waokoaji wajue ni cha nani.

Mfano kutoka Ngorongoro

Watumishi waliopata kusafiri bara, kupitia Karatu hadi lango la Lodoare, huenda wamesikia habari za simba wanaofungwa mikanda ya redio shingoni. Ingawa huko ni mbali na bahari, kanuni ni ile ile. Mtafutaji huelekeza antena huku na huku, na upande ambao ishara ina nguvu zaidi ndio alipo mnyama. Kilima kikikaa katikati, ishara hufifia, kama inavyofifia wimbi linapomfunika mtu.

Lakini funzo kubwa liko kwa watu. Mradi wa KopeLion, ulioanza Ngorongoro mwaka 2011, huajiri walinzi wenyeji waitwao ilchokuti, ambao hufuatilia simba na kuwaonya wachungaji. Mkanda hauzuii ng'ombe kuliwa. Anayezuia ni mlinzi anayeinuka na kwenda. Vivyo hivyo, king'ora hakimtoi mtu majini. Kazi hiyo ni ya mabaharia waliobaki chomboni, nao ni lazima wawe wamejifunza.

Mambo ya kutekelezwa

1. Anayeona au kusikia king'ora apige kelele: "Mtu majini!" Boya litupwe papo hapo.
2. Mtu mmoja apewe kazi ya kumwonesha aliyeanguka kwa kidole bila ya kuondoa macho.
3. Nahodha aandike mahali na saa, ageuze chombo na kupunguza tanga. Chombo chenye injini kizuie rafadha kabla ya kumfikia mtu.
4. Hatari itangazwe kwa redio ya VHF, chaneli ya 16.
5. Betri zikaguliwe kabla ya safari. King'ora kikiwashwa kwa bahati mbaya, taarifa ya kufuta itolewe.

Wenye majahazi na ngalawa wasio na uwezo wa kununua vifaa hivi wasikate tamaa. Jaketi, filimbi, tochi isiyoingia maji na kamba ya kujifungia wakati wa usiku ni kinga ya kweli. Wakati wa kusi, mkondo wa Pemba huenda kasi kuelekea kaskazini, hivyo utafutaji uanze upande uendako mkondo.

Zoezi

Kabla ya safari ijayo, chukueni dumu tupu, litieni maji kiasi, mlitupe baharini bila ya kumwarifu nahodha. Hesabuni dakika hadi litakaporudi chomboni, kisha rudieni hadi muda upungue. Siku litakapoanguka lisilo dumu, hapatakuwa na nafasi ya kujifunza.