EPAFRODITO NA BAHASHA YA SHUKRANI

Somo la kusoma nyumbani au katika vikundi: Wafilipi 2:25–30 na Zaburi 107

Kwanza fungueni Biblia mkasome mafungu hayo mawili, ndipo mrudi hapa. Nimefundisha walimu wanafunzi chuoni kwa miaka mingi, nami nazijua hila zao: anayesoma maelezo kabla ya kitabu, kitabu chenyewe hakifungui tena.

Epafrodito alikuwa mtu wa Filipi, mji wa Makedonia. Wakristo wa huko walisikia kuwa Paulo yu kifungoni, wakachanga msaada, wakamtuma yeye aupeleke. Ikiwa Paulo alikuwa amefungwa Rumi, kama Kanisa lilivyopokea tangu zamani, safari hiyo ilikuwa ya kilometa zaidi ya elfu moja. Mtu alifuata barabara kuu ya Warumi mpaka pwani, akavuka bahari kwa merikebu hadi Italia, kisha akashika tena barabara mpaka mjini. Hatuambiwi kama aliugua njiani au baada ya kufika. Twaambiwa mara mbili, katika aya ya 27 na ya 30, kwamba alikuwa karibu kufa. Akapona, na sasa Paulo anamrudisha kwao.

Nataka tukae kidogo katika aya ya 26. Epafrodito alihuzunika sana, lakini tazameni sababu inayotajwa: watu wa nyumbani walikuwa wamesikia kwamba hawezi. Aliyewahi kulazwa mbali na kwao analielewa jambo hili mara moja. Umetumwa kupeleka msaada, na sasa wewe mwenyewe ndiwe unayenyweshwa uji. Ungependa habari isifike.

Naye Paulo hakuificha hata kidogo. Aliiandika katika barua, na barua zake zilisomwa mbele ya kanisa zima. Yaelekea Epafrodito mwenyewe ndiye aliyeichukua. Hebu mfikirini siku ile, ameketi katikati ya watu wa kwao, habari za ugonjwa wake zinasomwa kwa sauti, na watoto wanageuka kumtazama.

Sasa yanipasa kueleza kwa nini nimelichagua fungu hili.

Mwishoni mwa mwaka 2018, nikiwa katika mwaka wa pili wa kustaafu, nilianza kukohoa. Nilisema ni vumbi la chaki la miaka thelathini na kitu. Nilikonda, usiku nikawa nalowa jasho mpaka shuka zinabadilishwa, na bado nikasema ni chaki. Mama watoto ndiye aliyenipeleka hospitali, tena kwa ukali. Makohozi yakapimwa, ikaonekana ni kifua kikuu. Nililazwa wiki tatu kwa sababu nilikuwa dhaifu mno, kisha nikaendelea na dawa nyumbani mpaka miezi sita ikatimia: miwili ya kwanza dawa za aina nne, minne iliyofuata aina mbili. Mkojo ukawa wa rangi ya machungwa. Muuguzi alikuwa amenionya mapema, la sivyo ningalipata ugonjwa mwingine wa hofu.

Watu walipouliza, tulisema ni kifua, nasi tukaliacha neno hapo hapo. Mnajua wenyewe jinsi maneno yanavyokwenda: mtu akisikia kifua kikuu, anamalizia mengine kichwani mwake. Mimi mwalimu niliyewafundisha wenzangu somo la afya nilitetemeka mbele ya maneno ya kisimani.

Mwezi wa sita mwaka 2019 nilikwenda Tanga kuchukua majibu ya mwisho, nikaambiwa nimepona. Jumapili iliyofuata nilitia fedha katika bahasha ya shukrani, na juu yake nikaandika: “Kwa safari njema.” Mzee wa kanisa akaisoma, watu wakaitikia Amina. Wapenzi wasomaji, kutoka Muheza hadi Tanga ni mwendo wa basi usiofika hata saa mbili. Ndiyo safari niliyomshukuru Mungu kwayo mbele ya watu wake, nami nilikuwa nimetolewa mlangoni pa kaburi.

Sasa geukeni Zaburi 107. Imewapanga watu wa aina nne: waliopotea jangwani (4–9), waliofungwa gizani (10–16), waliougua hata chakula kikawachukiza (17–22), na waliokwenda baharini wakapigwa na tufani (23–32). Kila kundi lilimlilia Bwana, kila kundi likaokolewa, na kila kundi laagizwa kushukuru kwa maneno yale yale, aya ya 8, 15, 21 na 31. Walimu wa Kiyahudi wa kale waliishika zaburi hii, wakafundisha kwamba watu wa aina hizi nne wanapaswa kushukuru: aliyevuka bahari, aliyepita jangwa, mgonjwa aliyepona, na mfungwa aliyefunguliwa. Msafiri na mgonjwa wamewekwa pamoja. Tena shukrani hiyo hutolewa mbele ya watu wasiopungua kumi. Hao watu kumi wamenisumbua sana. Kumshukuru Mungu chumbani kwangu nilikuwa nimekwisha kumshukuru. Zaburi yenyewe, katika aya ya 22 na ya 32, yataka matendo yake yasimuliwe na jina lake litukuzwe katika kusanyiko, wazee wakiwapo.

Mwezi wa nane mwaka ule nilisafiri kwenda Masasi kumwona dada yangu mkubwa, aliyeolewa huko tangu ujana wake. Miaka ya themanini nilifundisha kusini, na barabara ile naijua kwa taabu zake. Tulivuka mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na wakati wa masika niliwahi kulala kando ya mto siku mbili nikingoja maji yapungue. Tangu mwaka 2003 liko Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilometa moja, na basi hulivuka kwa dakika chache. Safari hii nilikaa dirishani. Nililitazama lile daraja, nikayatazama maji, na baadaye mikorosho mpaka milima ya mawe ya Masasi ikatokea, nami sikufumba jicho. Zamani nilisafiri na daftari za kusahihisha. Sasa kijana aliyekaa kando yangu aliniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza kwenda kusini.

Masasi ni mahali pa Zaburi 107. Mwaka 1876 Askofu Steere aliongoza hapo watu waliokuwa watumwa wakawekwa huru. Walitoka Unguja kwa chombo hadi Lindi, kisha wakapita porini kwa miguu. Nia ilikuwa kusonga mbele hadi upande wa Ziwa Nyasa, lakini wakafanya makao Masasi. Kifungo, bahari na nyika vilikuwa vyote katika maisha ya watu wale wale.

Usiku wa kwanza nilimweleza dada habari zote. Akalia. Nilidhani analilia ugonjwa, kumbe analia kwa hasira. “Miezi sita! Ungekufa ningeambiwa kwa simu nije kuzika, na hata kuugua sikujua?” Sikuwa na jibu. Jumapili tukaenda kanisani, na wakati wa matangazo dada akasimama bila kuniuliza. Akasema: huyu ni mdogo wangu, mwalimu, ametoka Muheza, ameugua kifua kikuu, amekunywa dawa miezi sita, amepona, naye amesafiri mpaka hapa kwa miguu yake na basi. Nilitamani benchi linifunike. Kisha akaanza pambio, watu wakalipokea.

Baada ya ibada watu watatu walinifuata chini ya mwembe, mmoja mmoja. Mmoja alikuwa anakohoa tangu mwezi uliopita. Wa pili alikuwa na mke aliyeacha dawa baada ya kujisikia nafuu. Wa tatu alitaka tu kunishika mkono. Niliwaambia ninayoyajua: ukikohoa wiki mbili au zaidi, nenda ukapimwe makohozi, dawa hutolewa bila malipo, na aliyeacha arudi upesi, asione haya.

Nilirudi Muheza nikasema mbele yenu yale ambayo dada alisema mbele ya watu wa Masasi. Wengi mnakumbuka. Msilolijua ni kwamba wiki ile alinijia kijana mmoja aliyekuwa kwaya. Alikuwa amekohoa muda mrefu, akiimba nyuma ya kiti changu, wakati mimi naandika “safari njema” juu ya bahasha. Alitibiwa, akapona, lakini pafu moja limebaki na kovu, na sauti ile hamwisikii tena. Jambo hili silisemi ili mnihurumie.

Kuna mtu mmoja nisiyeweza kumnyamazia. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Aliyefanya kazi na madaktari wetu katika mpango huo ni Dakta Karel Styblo, aliyezaliwa Chekoslovakia. Hapa ndipo ilipoonekana kwamba hata nchi maskini yaweza kutibu kwa dawa za muda mfupi, mgonjwa akisimamiwa anapozimeza na kila aliyeanza akihesabiwa mpaka amalize. Miaka ya tisini Shirika la Afya Duniani liliupokea utaratibu huo kwa ajili ya dunia nzima. Basi, Styblo huyu katika Vita vya Pili vya Dunia alifungwa kambini Mauthausen, na kifua kikuu kilimpata huko huko. Mfungwa aliyefunguliwa, mgonjwa aliyepona, akavuka bahari. Vidonge nilivyomeza vilipita katika mikono kama hiyo.

Bado kuna swali gumu, nami sitalikimbia. Kitanda cha pili kutoka changu alilala dereva wa lori, mdogo kwangu kwa miaka ishirini. Alifariki siku ya tisa. Mkewe alinipa uji aliokuwa amemletea, kwa kuwa hakutaka kurudi nao nyumbani. Mama huyo akinisikia nikishukuru, nimwambie nini? Someni 2 Timotheo 4:20. Paulo yule yule anasema alimwacha Trofimo Mileto, hawezi. Haelezi sababu. Na habari za Epafrodito, aya ya 27, anasema tu kwamba Mungu alimrehemu. Hasemi kwamba alistahili, wala kwamba aliomba kuliko wengine. Kwa hiyo nimejifunza kutosema kanisani kwamba Mungu amenipendelea. Nasema nilikuwa mgonjwa, nikapewa dawa, nikapona, na namtaja dereva yule.

Alhamisi tukikutana tusome Zaburi 107 kwa zamu: waliosafiri mbali wasome 4–9 na 23–32, waliougua wasome 17–22, na kama yuko aliyewahi kufungwa, 10–16 ni yake akipenda. Kisha tujadili aya ya 26 ya Wafilipi 2: kwa nini Epafrodito hakutaka wasikie, na je, Paulo alimtendea haki kuiandika? Mama mmoja amekwisha kuniambia kwamba hakumtendea haki, nami nataka kumsikia. Na kama kuna mtu aliyewahi kuandika jambo jingine juu ya bahasha yake, hatalazimishwa kusema. Nitaanza mimi.