Mbele ya kubadilisha dawa ya matumbo

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wamama wa kambini, mara hii tunasema juu ya ugonjwa usiojulikana sana kwetu. Jina lake ni rektokoliti. Utumbo mkubwa unavimba na kutoka vidonda, kuanzia karibu na njia ya choo na kupanda juu. Hauambukizi. Mgonjwa hakulogwa na jirani, wala mtu asikatae kula naye sahani moja. Ni kinga ya mwili wake mwenyewe inayoshambulia utumbo. Anahara damu na kamasi, tumbo linamkata, anakimbilia choo hata usiku, anakonda. Kisha ugonjwa unalala miezi ao miaka, halafu unaamka tena. Kwa hiyo dawa yake si ya siku tatu kama ile ya malaria. Ni ya miaka.

Na kila mtu anayemeza dawa kwa miaka anafika siku moja kwa ulizo hili: niibadilishe?

Dawa ya zamani ambayo wengi wanaanza nayo ni sulfasalazini. Munganga mwanamke wa Sweden, Nanna Svartz, ndiye aliyeitumia kwa ugonjwa huu na kutangaza matokeo yake katika mwaka 1942. Katika mwaka 1965 wanganga wa Uingereza walitangaza jaribio moja linalotufundisha mpaka leo. Walichukua wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa umelala. Wamoja walipewa sulfasalazini, wengine walipewa vinini visivyo na dawa ndani. Kiisha mwaka mmoja, kati ya watu 10 wenye kumeza dawa, karibu 7 walikuwa bado wazima. Kati ya watu 10 wasiokuwa nayo, karibu 3 tu. Basi yule anayetupa vinini sababu anajisikia vizuri, asiseme kwamba amebadilisha dawa. Amefungulia ugonjwa mlango.

Kama damu imerudi, tujiulize kwanza: je, dawa inamezwa kweli? Ordonansi inasema mara nyingi vinini 4 kwa siku wakati ugonjwa umelala, vya miligramu 500 kila kimoja. Baba wa posti ya usiku analala muchana, anasahau vya muchana. Mwisho wa mwezi franka zimekwisha, anameza viwili kwa siku ili chupa ifike mbali. Kwa munganga anajibu: «Ndiyo, nameza vyote.» Munganga anaamini, anaandika dawa kali zaidi. Wamama, ninyi mnaohesabu unga na mafuta ya nyumba, hesabuni na vinini.

Ulizo la pili ndilo lenye hatari kubwa katika inchi yetu: damu hii inatoka kwa ugonjwa ule ule? Hapa kwetu mtu anaweza kuwa na rektokoliti na kupata tena amiba kwa maji ao kwa mboga zisizooshwa vizuri. Kwa macho, choo cha magonjwa haya mawili kinafanana kabisa. Lakini dawa zake zinapingana. Amiba inatibiwa na metronidazoli. Rektokoliti iliyoamka inatulizwa mara nyingi na prednizoloni, na prednizoloni inapunguza nguvu ya mwili ya kujikinga. Mtu mwenye amiba akipewa prednizoloni peke yake, utumbo wake unaweza kutoboka, na mtu anaweza kufa. Kuna pia mdudu mdogo anayeitwa strongiloide, anayeingia kwa ngozi ya miguu ya mwenye kutembea bila viatu kwenye udongo. Anaweza kukaa ndani ya mtu miaka mingi bila kuonekana, na prednizoloni ikiingia anasambaa mwili mzima.

Kwa sababu hiyo, choo kipimwe kwa laboratwari mbele ya kubadilisha kitu chochote. Kipelekwe kingali cha moto, sababu amiba inakufa upesi na baada ya hapo hata mwenye mikroskopi nzuri hataiona. Kama infirmye anasema rudi kesho na keshokutwa na kingine, usikasirike. Mara moja haitoshi.

Tena, dawa imepewa muda wake? Prednizoloni inaonyesha kazi katika siku chache ao juma mbili. Sulfasalazini inaomba majuma. Azatioprini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, inaomba miezi 2 mpaka 3. Kuiacha kwa juma la tatu na kusema «haifanyi kitu» ni kama kuvuna muhindi mbele haujatoa maua.

Kuna sababu za kweli za kubadilisha. Mkojo wa rangi ya machungwa si mojawapo: ni rangi ya sulfasalazini tu. Lakini mtu ambaye siku moja Bactrim ao Fansidar ilimtoa vipele ao ilimbabua ngozi, asimeze sulfasalazini, sababu ni za jamaa moja. Mwenye upungufu wa damu uliotokea kiisha kuianza, apimwe upesi. Wengine kichwa kinauma na chakula kinawashinda; hao mara nyingi inatosha kupunguza kipimo na kukipandisha polepole.

Na kuna jambo ambalo wanaume hawaliulizi kwa dispanseri. Sulfasalazini inapunguza mbegu za mwanaume na kuzidhoofisha. Nguvu za kiume zinabaki, lakini mtoto anaweza kukawia. Tunajua namna gani mambo haya yanakwenda kwetu: jamaa ya bwana inaanza kunongona kwamba bibi ni tasa, na bibi anavumilia matukano juu ya vinini vya bwana wake. Mbegu zinarudi kiisha miezi 2 ao 3 baada ya kubadilisha dawa. Dada yake sulfasalazini, mesalazini, haina tabu hiyo mara nyingi na inafanya kazi karibu sawa, ingawa bei yake ni ya juu. Sema wazi kwa munganga: «Tunatafuta mtoto.» Hakuna haya. Kwa mama mwenye mimba ni kinyume: asiache sulfasalazini kwa woga, sababu ugonjwa ulioamka unaumiza mimba zaidi. Aongezewe asidi foliki.

Sasa dawa mpya. Prednizoloni inapendwa sababu mtu anasikia nafuu upesi, anakula bukari tena, uso unajaa. Lakini uso ule si unono wa afya. Dawa hii ikimezwa miezi na miezi inaleta sukari, inapandisha damu, inadhoofisha mifupa. Haizuii ugonjwa usirudi. Na kiisha majuma machache ya kuimeza, isiachwe gafula. Inapunguzwa polepole jinsi munganga anavyoandika. Anayeinunua mwenyewe kwa farmasi ya barabara kila damu ikionekana, mimi naona anajichimbia shimo.

Azatioprini inaomba kupimwa damu mara kwa mara. Mwenye kumeza alopurinoli juu ya ugonjwa wa goti na kidole cha mguu aseme mbele, sababu dawa hizi mbili pamoja zinaweza kuua chembe za damu. Siku hizi kuna pia sindano kama infliksimabu. Bei yake ni kubwa sana, lakini zinasaidia wagonjwa ambao dawa zingine zimewashinda. Wafanyakazi wa mgodi wasikilize vizuri hapa: vumbi la mawe katika mapafu linazidisha hatari ya kifua kikuu, na sindano hizi zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Mbele ya kuzipata, kifua kipigwe picha na uchunguzi wa kifua kikuu ufanywe. Chanjo ya homa ya manjano nayo ichomwe karibu mwezi mmoja mbele ya kuanza dawa hizi za kutuliza kinga. Ukiisha kuzianza, chanjo hiyo haifai tena.

Hakuna kungoja siku ya rendevu kama unakwenda choo cha damu mara 6 ao zaidi kwa siku, pamoja na homa inayopita 37,8 ao moyo unaopiga zaidi ya mara 90 kwa dakika. Ni lopitali siku ile ile. Hata tumbo likivimba na kuwa gumu. Hata usiku.

Kwa wengine, dawa ya zamani iendelee kumezwa mpaka munganga aseme siku ya kuiacha. Chukueni kikaratasi, muandike kwa majuma mawili: mara ngapi choo, damu ao hapana, vinini vilivyosahauliwa, na dawa za maumivu mlizonunua, sababu ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuamsha ugonjwa. Mkilete kwa dispanseri pamoja na kartoni tupu za dawa zote, hata za mwaka jana.