Ile Moja Inayosahaulika: Vidokezo vya Kuchanganya Klorini

1. Soma lebo kabla ya kushika kikombe. Dawa ya klorini ya maji, ile wengi tunayoiita jiki, haina ukali mmoja. Chupa hii ni ya 3.5%, nyingine ni ya 5%. Anayekuambia "vifuniko viwili kwa ndoo" bila kuuliza asilimia bado hajakusaidia.

2. Amua unataka ukali gani. Wakati wa korona, Shirika la Afya Duniani lilishauri 0.1% kwa meza na sakafu, na 0.5% pale damu nyingi inapomwagika.

3. Gawanya, kisha toa moja. Una dawa ya 5%, unataka 0.5%: 5 ÷ 0.5 = 10. Toa 1, zinabaki 9. Basi kikombe kimoja cha dawa kwa vikombe 9 vya maji. Ile moja ndiyo watu huisahau! Dawa yenyewe nayo imo ndani ya hesabu. Ukitia vikombe 10 vya maji, jumla ni 11, na ukali umeshuka hadi karibu 0.45%. Ukiwa na chupa ya 3.5%, jibu ni 7, toa 1, maji vikombe 6. Kikombe au kopo, vyovyote, mradi usibadilishe kipimo katikati.

4. Una ndoo ya lita 10? Zidisha ujazo wa ndoo kwa ukali unaoutaka, ugawanye kwa ukali wa chupa. Kwa 0.1%: 10 × 0.1 ÷ 5 = lita 0.2, yaani mililita 200. Tia maji kiasi, mimina dawa polepole, halafu jazia maji hadi alama ya lita 10.

5. Klorini ya unga ipime kwa mizani. Unga wa 70%, kupata 0.5%: gramu 7 hivi kwa kila lita.

6. Osha kwa sabuni kwanza, suuza, ndipo upake klorini. Uchafu huimaliza nguvu. Na nakusihi, usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi inayoumiza mapafu.

7. Changanya upya kila siku, weka kivulini, na uandike ubavuni mwa ndoo: ukali na tarehe, ili anayeingia zamu ya jioni asibahatishe.