Tusome Tairi la Pikipiki

Wengi wetu siku hizi tunapanda bodaboda. Tunatoka Msimbati, Madimba au Kitaya kwenda Mtwara mjini, sokoni au hospitali ya Ligula. Nauli tunauliza. Tairi hatuliulizi, wakati sehemu yake inayogusa barabara haizidi kiganja cha mkono. Hapo ndipo roho zetu zilipo.

Tairi lina maandishi ubavuni, na sisi kusoma tunajua. Basi tuiname tusome. Tukiona 3.00-17, maana yake upana ni inchi 3 na rimu yake ni inchi 17. Tairi la 18 si la rimu hiyo, hata muuzaji akisema "litaingia tu". Mshale huonyesha upande wa kuzungukia. Halafu tutafute tarakimu nne za mwisho, zilizo peke yake. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, na jua huuzeesha upesi. Tairi lenye nyufa ni zee, hata likiitwa jipya.

Kashata nazo tuziangalie. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo. Kashata zikilingana navyo, tairi limekwisha, limekuwa kipara. Kwenye lami yenye maji litateleza.

Sasa upepo. Kwenye mchanga wa pwani yetu madereva hupunguza upepo ili tairi litanuke, lisizame. Ni akili nzuri. Lakini akifika lami anaongeza mwendo na upepo ni ule ule mdogo! Tairi linajikunja, linapata moto, tyubu inasogea ndani mpaka mdomo wake unakatika. Na nyuma amempakia mama mjamzito. Bodaboda nyingi hutaka paundi 25 hivi mbele, na 28 hadi 32 nyuma. Akiwepo abiria au gunia la korosho, nyuma huongezwa. Kitabu cha pikipiki kinataja kiasi chake. Tupime asubuhi, tairi likiwa baridi, na tutumie geji. Kubonyeza kwa kidole gumba si kupima.

Pancha ikitokea, fundi huijaza tyubu upepo na kuizamisha majini. Panapotoka mapovu ndipo penye tundu. Anapakausha, anapiga msasa, anapaka gundi. Hapa wengi wana haraka: gundi iachwe kwanza ikauke kidogo, ndipo kiraka kibandikwe na kukandamizwa. Kabla ya kurudisha tyubu, apitishe kitambaa ndani ya tairi lote. Mwiba ukibaki humo, kesho mtalipia pancha nyingine tundu lile lile.

Je, tairi likipasuka safarini? Dereva ashike usukani kwa nguvu, aachie mafuta, asikamate breki ghafla, hasa ya gurudumu lililopasuka. Abiria atulie, asiruke. Kofia ngumu wawe nazo wote wawili.

Wanaopita ufukweni waoshe rimu na spoku kwa maji baridi ya kisima, maana chumvi hula chuma, na kutu hutoboa tyubu.

Maswali ya kikundi:
Pikipiki ya jirani ina tarakimu gani nne? Tairi lake lina umri gani?
Katika kijiji chetu nani ana geji ya upepo? Kama hakuna, tuchangishane vipi tununue moja?