Sumu Huwafuata Wasiosikilizwa: Mafunzo Niliyopata

Kila mwaka hawakosi vijana wanaonijia na mada ya utafiti tayari kichwani: ubaguzi wa kimazingira, na jinsi wananchi wanavyoupinga. Huja na moto, na moto wao siuzimi. Ualimu wa chuo nimestaafu, ila somo hili limekataa kustaafu nami. Haya ndiyo ambayo ningependa mtu anieleze enzi zile nilipodhani kwamba ukishakariri majina ya kemikali, nusu ya kazi imekwisha.

1. Usisubiri kuikuta barua yenye chuki

Niliposoma kwa mara ya kwanza habari za Houston, jimbo la Texas, nilikaa maktaba na kalamu mkononi nikimsaka mbaya wa hadithi. Nilitaka nimpigie mstari. Sikumpata.

Mwaka 1979 wakazi wa Northwood Manor, kitongoji cha Wamarekani Weusi waliomiliki nyumba zao, walikwenda mahakamani kupinga jaa la taka karibu na makazi yao. Wakili wao, Linda McKeever Bullard, alimwomba mumewe, mwanasosholojia Robert Bullard, atafute kila mahali ambapo taka za jiji hilo zilikuwa zimetupwa. Ikabainika kwamba majaa yote 5 ya jiji yalikuwa katika mitaa ya Weusi, na vilevile matanuri 6 kati ya 8 ya kuchomea taka, ilhali Weusi walikuwa kama robo tu ya wakazi wote. Kesi walishindwa, kwa kuwa mahakama ilitaka ithibitishiwe nia ya kubagua.

Kilichonishangaza ni jinsi kila uamuzi, ukiutazama peke yake, ulivyoonekana wa kawaida: kiwanja ni rahisi, barabara ipo, wapinzani ni wachache. Ubaya ulikuwa katika kujirudia. Kwa hiyo chora ramani, panga miaka, hesabu. Tena usikimbilie kusema ni umaskini tu, maana watu wa Northwood Manor walikuwa na nyumba na mishahara, na havikuwakinga.

2. Mwenyeji ameanza utafiti kabla yako

Niliwahi kuingia mtaa mmoja wa Mombasa na buti mpya, kofia pana na dodoso refu kama mkeka wa harusi. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga mihogo kibarazani alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, na majibu ya damu tuliyotolewa na wenzako umekuja nayo?" Wenzangu hao sikuwajua, lakini swali lilikuwa langu. Alipoona nimekosa neno, akanionyesha daftari la mwanawe la shule. Katika kurasa za nyuma mama huyo alikuwa ameandika siku ambazo moshi ulishuka hadi mtaani, kuku waliokufa na watoto waliokohoa. Katika dodoso langu lote hapakuwa na swali hata moja ambalo lingelifikia daftari lile.

Soma pia habari za Owino Uhuru, mtaa mwingine wa Mombasa, ambako kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Phyllis Omido aliajiriwa humo mwaka 2009. Mtoto wake mchanga alipougua, magonjwa yaliyotafutwa kwanza ni yale yaliyozoeleka, hadi damu yake ilipopimwa risasi. Omido aliacha kazi, akaanza kukusanya ushahidi pamoja na majirani. Maprofesa tulifika baadaye.

Basi ukifika mahali, uliza kwanza wenyewe wameshaandika nini, wamepimwa nini, na nani aliondoka na matokeo. Huenda kazi yako ya maana kuliko zote ikawa kuwarudishia majibu yao.

3. Uliza ardhi ni ya nani

Siku moja darasani, kijana wa safu ya nyuma aliinua mkono. "Mwalimu, hapa sote ni weusi. Sasa mbaguzi ni nani?" Darasa likacheka. Mimi nikanywa maji taratibu sana, nikiomba kengele ilie.

Lile swali lilinisumbua kwa muda mrefu, na jibu nililipata kwenye masjala ya ardhi. Katika Pwani ya Kenya, serikali ya kikoloni ilileta Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908. Utaratibu wake wa usajili uliwaacha Wamijikenda wengi bila hati, wakageuka maskwota kwenye ardhi waliyoilima. Wakoloni waliondoka, lakini ile kawaida ya kuamini kwamba asiye na hati hana la kusema ikabaki, ikawapata na wahamiaji wa mitaa ya mabanda. Mtu wa namna hiyo akilalamikia moshi, huulizwa kwanza anakaa hapo kwa ruhusa ya nani.

Mtindo huohuo huvuka bahari. Mwaka 1988 iligunduliwa kwamba mapipa ya taka za sumu kutoka Italia yalikuwa yamelundikwa katika uwanja wa mtu huko Koko, Nigeria. Aliyeukodisha alilipwa kodi ndogo ambayo Ulaya isingetosha kitu. Mwaka 1991 nchi za Afrika zikapitisha Mkataba wa Bamako wa kupiga marufuku uingizaji wa taka hizo barani. Kwa hiyo usiishie kuuliza nani aliyetupa. Uliza ni malalamiko ya nani yanayopuuzwa bila gharama, na yalianza kupuuzwa lini.

4. Jifunze mambo yanayochosha

Nakiri kwamba ujana wangu niliupenda mkutano wa hadhara. Mabango, nyimbo, kipaza sauti! Kumbukumbu za vikao niliwaachia wenye subira.

Lamu ilinibadilisha. Kulikuwa na mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wenye uwezo wa megawati 1,050, katika kaunti ambayo mji wake mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Wavuvi, wenye mashamba na vijana chini ya muungano wa Save Lamu walipinga kwa miaka. Juni 2019, Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni. Sababu kubwa ilikuwa ushirikishwaji wa umma: wananchi hawakupewa nafasi ya kweli ya kuielewa na kuijadili ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira.

Nilishangaa. Nilitegemea bahari na mikoko ndiyo ishinde hoja, kumbe kilichobeba uzito mkubwa ni kikao ambacho hakikufanyika inavyopasa. Tangu hapo nawaambia wanafunzi wasome Katiba ya Kenya ya 2010 kama wanavyosoma ujumbe wa mpenzi. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Maana yake ni kwamba huna haja ya kungoja mtoto augue. Jua tarehe ya mwisho ya kutoa maoni, jua ripoti inawekwa wapi, jua nani anatia sahihi.

5. Usipime harakati kwa jioni ya maandamano

Warren, kaunti ya North Carolina yenye wakazi wengi Weusi, hutajwa kuwa mahali harakati hizi zilipopata jina Marekani. Nilidhani basi walishinda. La. Mwaka 1982 jimbo lilianza kuzika huko udongo wenye kemikali za PCB, uliozolewa kando ya barabara ambako mafuta machafu yalikuwa yamemwagwa kwa siri mwaka 1978. Watu walilala barabarani mbele ya malori, zaidi ya 500 wakakamatwa, na udongo ukazikwa vilevile.

Lakini miongoni mwa waliokamatwa alikuwamo Walter Fauntroy wa Bunge la Marekani, naye akaagiza uchunguzi uliotoka mwaka 1983. Ukafuatwa na ripoti ya kanisa la United Church of Christ ya 1987 iliyoonyesha nchi nzima uhusiano wa rangi na taka za sumu, kisha amri ya Rais Clinton ya 1994 kuhusu jambo hilohilo. Jaa la Warren lenyewe lilisafishwa miaka ya 2003 na 2004. Mwaka 2025 amri ile ya Clinton ikafutwa na rais mwingine kwa sahihi moja.

Owino Uhuru nako hivyohivyo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na taasisi za serikali nazo zikabebeshwa lawama. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia, na Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairejesha. Miaka kumi na ushei tangu moshi ukome, watu walikuwa bado wanabeba faili.

Ndiyo maana nawasihi muandike utafiti utakaodumu kuliko hasira iliyouzaa. Weka tarehe, weka mahali, tenganisha ulichoona na ulichosikia, ili wakili wa wakazi aweze kuuweka mezani hata ukiwa umeshahamia kazi nyingine. Kisha nakala ya kwanza, kabla ya chuo na kabla ya jarida, ipeleke kwa waliokujibu maswali, kwa lugha wanayoisoma, na ukae nao waikosoe.