Sakitu Katika Mkebe

Katika nchi za kaskazini, kama vile Uingereza, watu waamkapo asubuhi wakati wa kipupwe huona majani ya bustani yamegeuka meupe, kana kwamba mtu amenyunyiza unga usiku. Weupe huo si theluji, maana theluji huanguka kutoka mawinguni, na mara nyingi usiku kama huo hauna wingu hata moja. Ni sakitu. Zamani watu wengi walidhani kwamba nayo huanguka kutoka juu. Mkebe mtupu, konzi chache za barafu na chumvi ya jikoni hutosha kuonyesha kwamba sivyo.

Mwalimu wa watoto wadogo hutwaa mikebe miwili ya bati, akaifuta hata ikauke kabisa kwa nje. Ukingo wake huangaliwa kwanza, maana makali ya bati hukata vidole. Barafu huvunjwavunjwa ndani ya kitambaa, ikatiwa katika mikebe yote miwili. Wa kwanza huachwa na barafu tupu. Katika wa pili huongezwa chumvi, sehemu moja kwa sehemu tatu za barafu, ikakorogwa kwa kijiti, na chini yake huwekwa karatasi yenye majimaji. Kisha watoto hungoja, na kwao hiyo ndiyo kazi ngumu.

Baada ya dakika chache mkebe wa kwanza hutoka jasho: matone ya maji husimama ubavuni. Wa pili waweza kuanza vivyo hivyo, lakini mara weupe mwembamba huanza kutambaa juu yake, ukazidi kuwa mnene hata ukucha waweza kuukwaruza. Mkebe ukiinuliwa, karatasi huinuka nao, imegandamana. (Mwenye vidole vyenye maji asiushike, ngozi isije ikanata.)

Weupe huo umetoka wapi? Barafu imo ndani, na bati halina tundu. Wala haukuanguka kutoka darini, kwani ubavu wa mkebe umesimama wima. Umetoka katika hewa yenyewe, ambamo mvuke wa maji usioonekana umo siku zote. Mvuke ukigusa kitu baridi hugeuka umande. Kitu hicho kikiwa baridi chini ya digrii 0 ya Celsius, huganda. Barafu tupu iyeyukayo hukaa katika digrii 0, haishuki. Chumvi huilazimisha iyeyuke hata katika baridi kali zaidi, na katika kuyeyuka huvinyang'anya joto vitu vilivyo karibu nayo.

Lakini bustanini hakuna chumvi. Ni nini basi kiyapoozacho majani? Tabibu William Charles Wells wa London alilijibu swali hilo katika kitabu chake juu ya umande, mwaka 1814. Alipima kwa kipimajoto, akaona kwamba usiku mtulivu wa mbingu safi majani huwa baridi kuliko hewa iliyo juu yake, kwa sababu joto lake hupotea kuelekea mbinguni. Hata kitambaa chembamba kilichotandwa juu yake hulizuia. Alikiri kwamba hapo kwanza aliwacheka watunza bustani waliofunika miche kwa mikeka.

Katika Kinangop, nchini Kenya, usiku wa kiangazi wa Januari na Februari, sakitu huunguza majani ya viazi yakawa meusi. Mwenye kitalu, aonapo jua limetua, upepo umetulia na mbingu haina wingu, hutandaza nyasi kavu juu ya miche yake kabla ya kulala, akaziondoa asubuhi jua likiisha kupanda.