Mgonjwa wa saratani bado ana kazi yake

Ndugu zangu Waislamu, katika mambo tunayoyafanya kwa nia njema na yakamuumiza mwenzetu, mojawapo ni hili la kumpumzisha mgonjwa wa saratani. Akishaanza kuhudhuria Ocean Road, basi. Kama ni mfanyabiashara wa Kariakoo, vijana wa dukani wanaacha kumuuliza habari za mzigo. Kama ni fundi cherehani, wateja wanakuja kuchukua vitambaa vyao kimya kimya. Kama ni ustadhi hapa kwetu Jangwani, kamati inamtafutia badali, na yeye anabakia kuombewa dua. Tunamsalimia kwa sauti ya msibani naye yuko hai.

Nianze na dalili. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a) kuwa mja akiugua au akisafiri, huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na yupo mjini kwake. Wengi wetu tunaisoma hadithi hii kama liwazo tu. Mimi darasani huwauliza wanafunzi: anaandikiwa nini? Amali zake zile zile. Kwa hiyo mbele ya Mola wake mgonjwa huyu hajafutwa katika daftari la watendaji. Sisi kalamu ya kumfuta tumeipata wapi?

Mfano ulio wazi ni Imran bin Huswayn (r.a), swahaba aliyesilimu mwaka wa Khaybar, yaani mwaka wa 7 Hijria. Huyu ndiye aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w) kuhusu swala. Akaelekezwa aswali kwa kusimama; asipoweza, aketi; asipoweza, alale ubavu. Kila Muislamu anayeswali leo juu ya kitanda cha wodi anafaidika na swali la mgonjwa yule. Sayyidna Umar (r.a) alimtuma Basra kuwafundisha watu dini yao, na wanahistoria wanaeleza kuwa maradhi ya tumbo yalimlaza huko miaka mingi. Je, watu wa Basra walimpumzisha? Imam Muslim amepokea kwamba katika maradhi yaliyomuua, Imran alimwita mwanafunzi wake Mutarrif akamsomesha hadithi, akitaraji zimfae baada yake. Alifariki mwaka wa 52 Hijria akiwa bado mwalimu.

Wa zama zetu nitamtaja jirani ambaye hakuwa Muislamu, lakini hekima haina kabila. Ken Okoth alikuwa mwalimu wa historia kabla ya kuchaguliwa mbunge wa Kibra, Nairobi, mwaka 2013. Kibra ni mtaa ulioanzishwa na Wanubi, ndugu zetu katika imani, na jina lenyewe ni la Kinubi, maana yake msitu. Mwezi Februari 2019 alitangaza hadharani kuwa ana saratani ya utumbo mpana. Alitibiwa Ufaransa, akarudi Julai, na wananchi wake wakakusanyika naye katika hafla waliyoiita Shukran Kibra. Alicheza na kufurahi nao (ngoma si hoja yangu hapa). Tarehe 26 ya mwezi huo huo alifariki, akiwa na miaka 41. Shule alizowahangaikia watoto wa Kibra zilitajwa yeye akisikia. Sisi tungesubiri hitima.

Najua matibabu haya ni mazito. Mionzi huweza kumtaka mtu hospitali siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Dawa za dripu mara nyingi hutolewa kwa mizunguko ya wiki mbili au tatu: zipo siku za kutapika na kuchoka, kisha zinakuja siku za nafuu. Tena kinga ya mwili hushuka, hivyo darasa lenye watoto thelathini na mafua yao si mahali pake mpaka daktari aseme. Dini imempa rukhsa, asilazimishwe.

Lakini mwenzangu mmoja, mwalimu wa tajwid, alipokuwa akipata mionzi, kamati moja ilimletea bahasha na kumwambia apumzike mpaka apone. Alishukuru, kisha akauliza juzuu ya Amma ameachiwa nani. Hawakuwa na jibu. Hatimaye alipewa wanafunzi wanne, wawe wanakwenda kwake baada ya alasiri. Siku walipohitimu, jina lake lilisomwa kama mwalimu wao naye ameketi mbele na kofia imemzidi kichwa, maana nywele na mwili vilikuwa vimekwenda. Sijapata kumwona amefurahi vile, hata siku alipomwoza binti yake. Na posho ya miezi ile alilipwa kwa kazi, kama sisi wengine.

Kamati zinazopanga ratiba za madrasa zimuulize yeye mwenyewe, si mkewe wala wanawe: siku zipi unajisikia nafuu, na darasa lipi unalitaka?